Neno la Siri Ulilokwenda Nalo

Fundi Fidelis,

Shikamoo. Naitoa kwa mazoea tu, usidhani ni heshima. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Nimenyamaza miezi mitatu, imetosha.

Uliponunua zile kompyuta mbili kuukuu kwa watu wa misaada, wakimbizi waliporudi kwao, nani katika studio yako alijua kuziwasha? Wewe ulizifunika vitambaa vya kufuma kama redio, ukakaa. Ni mimi Adela niliyekesha na kile kitabu cha maelekezo, wiki baada ya wiki, nikiruka maneno nisiyoyajua. Zilikuwa kompyuta za kawaida za mezani, za kuandikia barua. Moja nikaigeuza seva: ikae chumba cha giza, ipokee picha kutoka kwenye skana, ifute madoa, ikoleze sura zilizofifia, kisha ile ya mapokezi izivute kwa waya. Negativi, zile filamu za picha za zamani, zilikuwa zinaota ukungu. Tuliziingiza moja moja, na zilizoharibika kabisa tukazitupa. Siku sura ya kwanza ilipotokea kule mapokezi nilipiga kigelegele. Wewe ukawaambia wateja, "Nimeiunda mwenyewe."

Hilo nililimeza. Neno la siri ndilo lililonikaa kooni. Uliliweka wewe, na kila asubuhi, kabla mashine haijawaka sawasawa, ulituamuru, "Geukeni." Tukageuka, watu wazima na akili zetu. Ndivyo ulivyopima dawa za kusafishia picha pia, ukitugeuzia mgongo. Ulisema fundi akimaliza kufundisha amejichimbia kaburi. Haya, kaburi umelipata bila kufundisha.

Homa ya siku mbili, basi. Mkeo akataka picha yako ya kuweka juu ya jeneza. Imo ndani ya seva. Nikajaribu majina ya wanao, ya watakatifu, hata ya ng'ombe wako wote watatu. Mashine ikakataa. Tukakuzika na picha ya kitambulisho chako cha ujana, masikio matupu. Mpiga picha wa Karagwe nzima! Niliona aibu, Fundi, na niliona uchungu, na sikujua nianze kulia kwa lipi.

Ningeweza kufungua kasha la mashine siku ileile. Lakini ulikuwa umetuapia kwamba mtu akiligusa kwa bisibisi, picha zote zitaungua. Nikakuamini.

Halafu akaja Ma Konsolata wa Ihembe. Unamkumbuka, wewe ndiye uliyempiga picha Deus wake siku ya kipaimara. Deus amefariki. Wanasakafia kaburi Jumamosi na anataka sura ya mtoto iwekwe pale kwenye saruji. Hana nyingine. Negativi yake ni katika zile tulizotupa. Alikuja kwa miguu Jumatatu, akaja tena Jumatano. Alhamisi hakukaa hata kwenye benchi. Akaniambia, "Adela mwanangu, unanificha nini? Mmeiuza?" Mimi! Nimekaa kwako miaka minane, na neno la kwanza la wizi nimeambiwa kwa ajili yako.

Nikamweleza ukweli wote, na hatari yake: nikifungua, huenda picha yake ikateketea pamoja na za watu wote wa Rugu na Kimuli. Akafunga kanga vizuri kiunoni. "Fungua. Iliyofungiwa humo nayo si yangu."

Skrubu moja iliniponyoka, ikaanguka chini ya meza. Nikatoa diski inayotunza picha, nikaifunga ndani ya ile kompyuta ya mapokezi, nikawasha jenereta. Hakuna kilichoungua. Hakuna hata harufu! Picha zilikuwa zimetulia tu mahali pake, arusi na ubatizo na vitambulisho, na Deus akiwa na shati lililomzidi. Ma Konsolata alishika meza kwa mikono miwili, akalia bila sauti.

Ulitudanganya, Fundi. Kasha lenyewe lilishikwa na skrubu nne tu. Ungetaja neno moja kitandani, ungezikwa kwa uso wako mwenyewe, na mama wa watu asingetembea kutoka Ihembe mara tatu.

Alipokuwa anatoka na picha yake mkononi aliniuliza nani alinifundisha kazi hii. Nilikusudia kusema "Hakuna mtu." Kinywa kikasema, "Fidelis." Nimekasirika nacho mpaka leo.

Sikiliza ahadi yangu. Vipimo vya dawa nimevipata kwa kuharibu karatasi nyingi, na nimeviandika ukutani kwa rangi nyeupe. Binti yako Yustina anaanza kazi Jumatatu, na atajua kila ninachokijua kabla mvua hazijaanza. Picha yako nimeichapa kubwa, nimempelekea mkeo, na madoa ya usoni nimeyaacha.

Kwaheri, Fundi. Bado sijakusamehe.

Adela