Hedfoni Zilizonibana na Fundi Niliyemsingizia

Mpendwa mshauri,

Nisaidie, na unisamehe kama kalamu imekwaruza karatasi, maana naandika nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, hasira kwa kaka yangu wa tumbo moja, na nikiacha kumkasirikia yeye kwa dakika tano basi najikasirikia mwenyewe, na hapo ndipo ninapoumia zaidi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, ni mwoka mikate, nina duka langu na tanuri langu, navaa miwani tangu shule ya msingi, na mimi ni rubani. Usicheke. Si rubani wa ndege za abiria, nina leseni ya kurusha ndege yetu ndogo ya injini moja na viti vinne ambayo marehemu baba alituachia mimi na kaka, na kila nikipata nafasi naruka nayo, kwa sababu kule juu hakuna anayeniuliza mikate imebaki mingapi. Kaka ndiye mwenyekiti wa klabu yetu ya marubani pale kiwanjani, watu wanamwita Kapteni ingawa hajawahi kurusha ndege ya shirika lolote, na jina hilo amelivaa mpaka limemganda.

Ndani ya ndege kuna hedfoni mbili, zile zenye maiki za kuongelea na mnara wa waongoza ndege, kubwa, za enzi za baba, zinabana kichwa kama koleo. Asiye na miwani labda anaweza kuvumilia, lakini mimi mkono wa miwani unakandamizwa kwenye mfupa juu ya sikio, na baada ya dakika arobaini maumivu yanaanza kwenye panja, yanashuka hadi kwenye taya, mpaka nikitua siwezi hata kutafuna. Nilimwambia kaka, akanijibu, "Baba aliruka nazo miaka thelathini. Kichwa chako ndicho kibovu." Basi nikaenda mjini kwenye duka la vifaa vya marubani nikanunua zile za kuingiza ndani ya sikio, nyepesi, hazigusi miwani wala kichwa. Lakini niliona aibu kukaa pale mbele ya watu nikijijaribisha masikio kama anayejaribisha viatu, nikachukua alizosifia muuzaji, nikatia kwenye mkoba nikaondoka. Vile vifuniko vya mpira vilikuwa vikubwa kuliko tundu la sikio langu, la kulia likavimba, nikaziacha kwenye kiti cha ndege nikisema nitazirudisha dukani.

Kaka akazikuta. Akaja nazo kwenye chumba cha klabu, watu wanakunywa chai, akazining'iniza kwa vidole viwili kama aliyeshika mkia wa panya, akasema, "Jamani, dada yangu anataka kuruka na vidude vya kusikilizia taarabu." Wakacheka wote, mshauri, na mimi nikacheka nao. Sijui kwa nini nilicheka. Nikarudi kwenye koleo la baba.

Sasa sikiliza. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa narudi na binti yangu wa miaka kumi na tisa, tumetoka kumwona bibi yake, safari ya saa moja na nusu, yeye amekaa kiti cha kulia na amevaa hedfoni ya pili. Saa ya kwanza ilipoisha, maumivu yalikuwa yamenifika kwenye meno. Nikausogeza upande wa kulia wa hedfoni yangu nyuma ya sikio, vidole viwili tu, nipumue. Mngurumo wa injini ukaingia wote. Tulipokaribia kiwanja nikasikia sauti ya mwongozaji wa mnara kama ya mtu anayeongea nyuma ya mlango, nikajiambia anaongea na mwingine, sikumwomba arudie, sikurudisha hedfoni mahali pake, nikashuka. Binti akanigusa mkono akasema, "Mama, kuna ndege pale chini." Kweli, ndege ilikuwa imesimama katikati ya njia ya kutua. Nikaipa injini nguvu zote nikapaa tena, nikapita juu yake karibu sana mpaka nikamwona rubani wake amejikunja kichwa magotini.

Tulipotua na kuzima injini binti akasema, "Mama, alikwambia usitue. Alisema mara mbili. Nilimsikia." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Nilidhani umesikia. Wewe ndiye rubani."

Sijanywa hata maji, kaka akaniita ofisini akafunga mlango. Ripoti alikuwa ameshaiandika. Ilisema redio ya ndege ilikatika tukikaribia kutua. Nikamwambia redio haikukatika, mimi ndiye niliyesogeza hedfoni kwa sababu ya maumivu. Akasema, "Ukiandika hivyo leseni yako inakwenda, ndege ya baba inafungiwa, na mimi nitaonekana mwenyekiti gani? Weka saini." Nikaweka, mshauri. Hakuna aliyenishika mkono.

Siku tatu kabla ya hapo redio ile ilikuwa imehudumiwa na fundi wa klabu, mtu mpole tunayemwita Waya, miaka kumi na moja pale kiwanjani na hajawahi kugombana na mtu. Redio ikakaguliwa, haikuonekana kasoro, kaka akawaambia wajumbe wa klabu basi lazima fundi aliacha waya umelegea, ukajibana wenyewe baadaye. Waya akasimamishwa kazi. Akanyang'anywa ufunguo wa karakana mbele ya vijana aliowafundisha yeye.

Wiki iliyofuata alikuja dukani kwangu. Akasubiri wateja waishe, akasogea kaunta akaniuliza, "Dada, niambie tu ilikatikaje. Ilianza kukwaruza au ilinyamaza ghafla? Nina redio kama ile nyumbani, nimeifungua yote mezani mara nne, nataka nijue nilikosea wapi." Nikamwambia sikumbuki. Nikamfungia mikate miwili nikampa, akashukuru akaondoka.

Tangu siku ile sijalala vizuri. Binti yangu anakula haraka haraka na kuondoka mezani. Jana kaka alikuja dukani akaniambia eti nimtolee binti onyo asije akaropoka, nikamwambia atoke, akabaki amesimama akitabasamu, nikamtupia kitambaa cha unga usoni mbele ya wateja. Alistahili zaidi ya kitambaa. Mtu aliyenicheka mpaka nikaona aibu ya masikio yangu mwenyewe, halafu leo ananiambia tunalinda jina la baba.

Naomba uniambie mambo mawili. Kwanza, ni hedfoni gani za kuingiza sikioni zinazomfaa rubani kama mimi, mwenye miwani na masikio madogo, zisiumize katika safari ndefu, na nichague vipi nisikosee tena, maana nikirudi hewani na koleo lile nitaua mtu. Pili, kuhusu Waya, je, ningoje kwanza kaka apoe, au kuna namna ya kumrudisha kazini bila kufukua ripoti?

Wako,
Mwoka mikate mwenye leseni

MSHAURI ANAJIBU

Dada mwoka mikate,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Nitaanza na swali lako la pili, maana wewe umeliweka mwisho kama kitu cha kufagiliwa chini ya mkeka.

Hakuna namna ya kumrudisha Waya bila kufukua ripoti. Ripoti ndiyo iliyomzika. Mtu ameketi nyumbani kwake anafungua redio nzima kwa mara ya nne, anatafuta kosa ambalo wewe unajua halipo, na wewe unaniuliza kama usubiri kaka apoe. Kaka yako hana homa. Anajua alichofanya, na atakuwa mtulivu sana siku zote ambazo wewe utanyamaza.

Pole kwa maumivu, nayaamini. Pole kwa kuchekwa. Kumdhihaki mtu kwa kinachomwuma ni ukatili, na mwenyekiti anayechekesha watu kwa usalama wa marubani wake hafai kushika hata funguo za choo cha klabu. Lakini usijifiche nyuma yake. Maumivu yalikufanya usogeze hedfoni. Hayakukuzuia kuuliza, "Mnara, rudia tafadhali." Na saini hukutiliwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo kesho, kabla hujafungua duka, andika ripoti mpya kwa mkono wako. Eleza hedfoni, eleza kusogeza, eleza sauti uliyoipuuza, eleza ripoti ya kwanza iliandikwa na nani na wewe ulisaini kwa nini. Nakala moja ipeleke ofisi ya waongoza ndege, nyingine kwa wajumbe wote wa klabu, usimpe kaka azipeleke. Wakikusimamishia leseni, kubali usimame. Kisha nenda kwa Waya, kwake, umwambie kwa mdomo wako kwamba redio haikukatika. Na tafadhali usibebe mikate. Binti yako mwambie alisikia sawasawa, na kwamba siku nyingine akisikia jambo aseme, hata kama rubani ni mama yake.

Sasa masikio. Mimi si rubani, nimemwuliza muuguzi wa kliniki ya masikio na mwalimu mmoja mstaafu wa urubani, na wote wawili walinikaripia kwa niaba yako. Muuguzi anasema sikio lililovimba lipone kabisa kwanza, na usafishwe masikio na mtu anayejua, si kwa pini ya nywele. Anasema pia tundu la kulia na la kushoto mara nyingi hayalingani, kwa hiyo usishangae ukihitaji kifuniko kidogo upande mmoja na cha kati upande wa pili. Wenye masikio madogo wengi huona nafuu kwa vifuniko vya sponji kuliko vya mpira: unakiminya, unakiingiza, unakishikilia mpaka kijijaze chenyewe. Kikikuuma dakika ya kwanza, saa ya pili kitakutoa machozi. Ukikosa kabisa kinachokukaa, wapo wanaochukua umbo la sikio lako na kukutengenezea chako peke yako.

Mwalimu naye anasema usinunue za muziki. Nunua zilizotengenezwa kwa marubani, zenye maiki inayokaa karibu na midomo, na plagi zake ziingie kwenye matundu ya ndege yako. Kayatazame matundu hayo kabla ya kwenda dukani. Uliza zinazuia kiasi gani cha mngurumo wa injini, na kama zinatumia betri, uliza betri ikiisha katikati ya safari bado utausikia mnara au la. Hakikisha waya wake una kibanio cha kubania kwenye shati, la sivyo kila ukigeuza shingo utavutwa sikio kama mwanafunzi mtundu.

Halafu kaa dukani. Kaa saa nzima, na miwani yako usoni. Ongea, piga mwayo, tafuna kitu, geuka kushoto na kulia, maana taya ikisogea tundu la sikio nalo linasogea. Muuzaji akikununia, ondoka. Watu wakikutazama, watazame nao. Ukisharudishiwa ruhusa, ruka nazo mara ya kwanza ukiwa na mwalimu kiti cha pili, na zile kubwa za baba zibaki nyuma kama akiba.

Majibu haya nilikutumia moja kwa moja siku nilipoyaandika, kwa sababu Waya hakuwa mtu wa kusubirishwa mpaka zamu ya gazeti ifike. Jana ulinipigia, na kwa ruhusa yako nawaambia wasomaji yaliyotokea. Umepeleka ripoti. Leseni yako imesimamishwa miezi sita. Wajumbe wamemwondoa kaka yako kwenye uenyekiti, naye ameapa hatakanyaga kwako. Binti yako alikusindikiza mpaka mlangoni kwa Waya, akangoja nje.

Unasema Waya alikusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza, akauliza neno moja tu: "Kwa hiyo siku ile dukani ulikuwa unajua?" Ukasema ndiyo. Akarudi ndani akafunga mlango polepole. Sasa amerudishiwa ufunguo wa karakana na kazi yake, lakini mkikutana kiwanjani anapita kama hakukuona, na wewe ukaniuliza kwa sauti ya kuonewa, ufanye nini tena, wakati umeshaomba radhi.

Dada, usimdai msamaha. Alikuja kwako akiuliza kosa lake, ukamwacha aende na jibu la uongo. Mlango wake ni wake, ataufungua akitaka, na asipotaka utabaki umefungwa hivyo hivyo. Wewe mkikutana msalimie kwa heshima, bila kusimama kumsubiri aitikie. Asipoitikia leo, kesho msalimie tena.