Mayai Yanayouzwa kwa Jina Lako

Mama,

Shikamoo. Nimekaa nyuma ya jiko lako hapa Kabuku, na nina hasira. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia, ningekuacha upumzike.

Arobaini yako ilipokwisha tu, Rajabu alikuja na fundi wa kuchomelea kutoka Korogwe. Huyo mwanao wa kwanza, ambaye tangu aoe hajawahi kuingia bandani. Wakang'oa viota, wakazoa maranda yote, wakapanga keji za waya ghorofa tatu. Kuku wako wakasokomezwa humo, mmoja hawezi kugeuka mpaka wenzake wajikunyate. Nikamuuliza, "Kaka, hawa watajigaragaza wapi?" Akacheka. "Kuku ni kuku, Mwanaidi. Kazi yake kutaga. Huu ndio ufugaji wa kisasa."

Wewe nilipokuwa nalalamika kwamba wanachimba bustani, ulikuwa unaniambia, "Waache waparue. Na wewe ukifungiwa chooni utafurahi?"

Yule mwekundu aliyekuwa akikurukia mapajani ukikaa kwenye debe, unamkumbuka? Shingo yote ilibaki ngozi kwa kusugua waya. Kucha zilirefuka zikajikunja kwenye sakafu ya keji. Siku niliyomtoa, mguu ulivunjika mkononi mwangu. Sikumvuta, Mama. Nilimshika tu. Tukamchinja. Mimi sikula.

Lakini kilichonichoma zaidi ni jina. Watu wanasimamisha magari kwenye kibao chako cha barabarani wanaulizia mayai ya Mama Rajabu, kwa sababu uliwazoesha kuwapeleka nyuma wawaone kuku wenyewe. Rajabu akatundika turubai ili banda lisionekane. Akaja Mama Neema, yule mteja wako mwoka keki wa Tanga. Akauliza, "Bado wanazurura kama enzi za mama?" Rajabu akanikata jicho, akajibu, "Vilevile kama alivyowaacha."

Vilevile!

Nilimshika mkono yule mama nikampitisha nyuma ya turubai. Akaziba pua kwa khanga. Tulipotoka akazirudisha mezani trei za mayai alizokuwa amechukua. "Baba, unanidanganya kwa jina la marehemu?"

Rajabu alinifokea barabarani mbele ya watu wote, eti nimemharibia biashara. Akamwita Mjomba Athumani kutoka Kwedizinga aje aamue. Mjomba akasema Rajabu ndiye mkubwa, banda ni lake. Na ndugu wote waliokaa pale, waliokula mayai yako kila Idi, wakaitikia kwa vichwa. Nikasimama. Nikasema, "Banda chukueni. Jina la mama hamchukui. Kila gari litakalosimama hapa nitalieleza." Mjomba akaenda bandani mwenyewe. Alipotoka alikuwa hatutazami usoni. "Rajabu," akasema, "andika jina lako mwenyewe kwenye hicho kibao."

Basi amekiandika. Keji zake bado zipo, amejaza kuku wapya. Hawa wako amenitupia mimi, "wamechoka," kasema.

Na wewe pia nimekukasirikia. Ulijua nani alikuwa anaamka alfajiri kuwahudumia kuku. Kwa nini hukusema mbele ya ndugu zako kwamba ni wangu? Neno moja tu, Mama.

Nilipowatoa, walisimama palepale nilipowaweka. Hawakujua kutembea. Niliwamwagia mtama mbele yao, wakaangalia tu, na mimi nikalia kwa hasira. Sasa wanaparua. Wengine wanachechemea, hawatapona. Jana Mama Neema alirudi, akachungulia huku nyuma kabla hata ya kunisalimia. Mayai yalikuwa machache. Akayachukua yote.

Rajabu sijamsamehe, na usinijie ndotoni kumwombea. Lakini nakuahidi: yai litakaloitwa lako litatoka kwa kuku anayekanyaga udongo, na anayetaka kuhakikisha nitampeleka nyuma aone. Na kuku wapya waliomo kwenye zile keji, nitaendelea kuwapigia kelele mpaka kaka achoke kunisikia.

Lala, Mama. Mola akupe nafasi huko. Mimi bado sijatulia.

Mwanao,
Mwanaidi