Namna ya Kumlisha Mwalimu Eustace

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mosi binti Hatibu
Umri: Miaka 46
Kabila na dini: Mluguru, Mwislamu
Kazi: Mkulima
Makazi: Kijiji cha Ujamaa Kidunduma, barabara ya Mkuyuni
Yameandikwa Morogoro, Jumatatu tarehe 14 Machi 1977, saa 4.15 asubuhi

Sikuitwa na mtu. Nimepanda basi alfajiri nikaja mwenyewe, na nimeonywa na askari kwamba nikisema uongo nitashtakiwa.

Mimi ni mjane. Marehemu Mwalimu Eustace alikuwa Mhaya wa Bukoba, akifundisha shule ya kijijini kwetu tangu kabla ya Uhuru. Mwaka 1965 mwanangu alishikwa na surua. Mke wa Mwalimu, Mama Christina, alimbeba mgongoni kwenye mvua mpaka hospitali. Mwanangu yu hai, ana watoto.

Mama Christina alifariki mwaka 1972, na hawakujaliwa mtoto. Mwezi Juni 1973 Mwalimu alipooza upande wa kushoto na ulimi ukawa mzito. Tangu hapo mimi ndiye niliyemwogesha, nikamgeuza kitandani na kumlisha. Kijiji kilinipa debe la mahindi kila mwezi kutoka shamba la ujamaa.

Kumlisha kulikuwa na namna yake. Maji matupu yalimpalia. Ilibidi akae wima, kidevu kishuke kifuani, uji mzito uwekwe shavu la kulia, halafu mtu angoje ameze mara mbili. Hata maji ya kunywa niliyakorogea unga. Hayo hakunifundisha mtu, niliyajua kwa kumtazama.

Mnamo tarehe 28 Februari 1977 kamati ya afya ya kijiji ilitangaza kwamba anayeuguza mgonjwa nyumbani kwa posho ya kijiji lazima awe na cheti cha mafunzo ya miezi mitatu. Mafunzo yenyewe yalitaka mtu aliyefaulu kisomo. Mimi sijafaulu. Waliosamehewa cheti ni ndugu wa mgonjwa peke yao.

Mwenyekiti wa kamati, Ndugu Abasi, aliniita pembeni akaniambia, "Dada Mosi, fomu hii hapa. Inauliza una undugu gani na mgonjwa. Niandike nini?"

Nikamjibu, "Yeye Mhaya, mimi Mluguru. Hatuna undugu."

Akasema, "Sema neno moja tu, mimi naandika. Nani atakwenda Bukoba kuuliza?"

Nilikataa. Kisimani wanawake walikuwa wameshasema kwamba mjane haingii nyumba ya mwanamume bure. Niliona nikiandikwa ndugu watacheka, watauliza undugu wa wapi huo.

Jioni nilimweleza Mwalimu. Alinishika upindo wa kanga kwa mkono wake mzima akasema, "Dada." Akarudia, "Dada. Dada." Nilidhani ananibembeleza nisiondoke. Ni juzi, baada ya mazishi, ndipo nilipotambua kuwa alikuwa ananipa jibu la ile fomu.

Jumanne tarehe 8 Machi, saa 2.00 asubuhi, alifika Saada Omari, mwenye cheti, binti wa miaka ishirini na miwili hivi. Alinikuta uani nakunja kanga zangu. Akasema, "Shikamoo, mama." Sikuitikia. Akasema, "Mama, nimeambiwa wewe ndiye unayemjua. Nisaidie, anakulaje?"

Nikamwambia, "Kiulize cheti chako."

Akasimama hapo hapo. Akasema, "Mama, hatukufundishwa mgonjwa mmoja mmoja." Nikaondoka, sikugeuka nyuma.

Siku tatu sikukanyaga pale. Nilipita njia ya juu ili nisiione nyumba.

Ijumaa tarehe 11 Machi, kama saa 8.00 mchana, nilikuwa napalilia mahindi ng'ambo ya kijito. Nikasikia Saada anapiga kelele, "Mama Mosi! Mama Mosi!" Jina la mtu mwingine hakuita. Nilikimbia na jembe mkononi. Nilimkuta Mwalimu amelazwa chali, midomo imekuwa ya buluu, kikombe kiko sakafuni na maji yamemwagika. Nilimgeuza ubavu, nikamtia kidole mdomoni, nikampiga mgongoni. Alikuwa bado ananitazama. Kisha hakunitazama tena.

Saada alisema, "Nilimpa maji tu, mama. Alikuwa na kiu."

Watu wakajaa. Wakasema huyu mwenye cheti amemuua Mwalimu wetu. Mgambo wakamfunga mikono kwa kamba. Walimuuliza, "Hukuuliza anavyolishwa?" Saada alinitazama. Nilingoja aseme. Hakusema. Alijibu, "Mimi ndiye niliyempa maji," basi. Nami nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikanyamaza.

Tulizika Jumamosi. Watu walinipa pole kama mfiwa, nikazipokea.

Jana nilisikia kwamba Saada bado yuko mahabusu hapa na kwamba hataki kula. Usingizi haukunijia.

Sidai kwamba cheti ni kibaya. Binti yule aliuliza swali lililopasa kuulizwa. Mwenye jibu nilikuwa mimi, nikamnyima kwa sababu ya uchungu wangu. Kama kuna kosa, lianze kwangu.

Niliyoyajua nimeyamaliza. Nimesomewa yote nikayasikia, na ndivyo nilivyosema.

Alama ya dole gumba la kulia: Mosi binti Hatibu

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, Koplo Mikaeli, kwa Kiswahili, na kumsomea shahidi naye akakubali ni sahihi. Saada Omari ameachiwa kwa dhamana leo saa 9.40 alasiri, jalada limepelekwa kwa mkuu wa upelelezi. Nilimweleza shahidi kwamba kumnyima mtu jibu si kosa ninaloweza kumfungulia mashtaka, na kwamba yuko huru kurudi kwao. Aliuliza, "Sasa kosa langu hili nimpelekee nani?" Hadi nafunga ukurasa huu bado ameketi kwenye benchi la mapokezi, na Saada ameketi karibu naye.