Fundi cherehani kaniacha mdomo wazi

"Maji ya shuka zako yanalowesha nguo zangu!" Ndivyo alivyonivaa fundi cherehani wa mlango wa pili leo asubuhi, pale kwenye kamba. Nikamjibu, "Kwani kamba umeinunua?" Akasema, "Unanifokea mimi, na jana nimekaa nusu saa kwenye simu nikimsemea binti yako!"

Mwanangu, kibanio kilinidondoka. Kumbe wale waliokufanyia usaili walimpigia yeye, maana ulimwandika kuwa mdhamini wako! Amewaambia kuwa ulipofanya kazi kwake, kitambaa ulichokiharibu ulikwenda kukisema mwenyewe. Mimi ninayejua habari za mtaa mzima, hili limenipitaje?

Nimekwenda sokoni, narudi saa saba. Anua shuka. Simu uliisahau kwenye chaji, iliita, nikapokea. Kazi umepata! Unaanza Jumatatu.

Chakula kipo kwenye sufuria. ~~Usimgawie mtu.~~ Pakua sahani tatu. Mimi naona aibu, kwa hiyo mgongee fundi wewe. Mwambie mama anasema yaishe, karibu ndani tule.

Mama