Daktari Kabla ya Joho

Jumanne, 5 Agosti 2025

Max amepita! Max wangu! Amerudi jioni hii kutoka chuoni Nairobi, tai imelegea, akanibeba mlangoni kama siku ile ya harusi — majirani wa ploti wakapiga makofi! Alisimama mbele ya jopo la maprofesa, wakamhoji hadi shati likalowa, mwishowe wakampa mkono. Hata msimamizi wake, Profesa Nekoye, alitabasamu, na huyo mama hatabasamu ovyo.

Alinieleza yote tukinywa chai. Jopo lilisema nini, kimebaki nini. Kusema kweli sikusikia nusu. Nilikuwa natazama midomo yake. Tangu harusi midomo hiyo inanipotezea akili!

Mume wangu, daktari wa falsafa. Na mimi ni Warigia tu, wa kidato cha nne! Nimempikia samaki, ingawa bado nakosea ugali wa kwao.

Jumapili, 10 Agosti

Max ameenda Kenol kumwona mjomba wake, kwa hivyo nilienda kanisani peke yangu. Ibada ilipokwisha nikamvuta kando Mama Murugi, mwenyekiti wa akina mama. Sijui nini kilinisukuma. Najua. Ni shangazi zangu wa Kerugoya, wale waliouliza kabla ya harusi kama huyu mtu wa magharibi mwa nchi atanilisha falsafa.

Nikamwambia Max amemaliza PhD. "Amemaliza kabisa?" Kabisa, nikasema.

Watu walikuwa bado wanasimama kutoka. Mama Murugi akarudi mbele, akanyakua maikrofoni! Vigelegele! Alicheza hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka. Ati Max sasa ni kijana wao, ati kanisa halijawahi kupata mtu wa namna hiyo, watakuja nyumbani Jumamosi na keki na shuka la kumvisha. Nisimwambie, iwe sapraizi.

Nilirudi nyumbani Majengo kama sikanyagi chini.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimemuuliza, kwa utani tu, joho lake litakuwa la rangi gani. Akacheka. "Joho gani, mpenzi? Si nilikueleza?"

Kilichopita ni pendekezo tu! Mpango wa kile anachotaka kuandika! Masomo ya darasani alimaliza, mtihani mkubwa alifanya, na sasa ndipo wamempa ruhusa ya kuanza. Tasnifu yenyewe hajaandika hata sura moja. Na akishaiandika, lazima awe ametoa makala kwenye majarida ya wasomi, wasimamizi waweke sahihi, watahini waisome, mmoja wao wa chuo kingine, halafu arudi mbele ya jopo kuitetea, asahihishe wanachokosoa. Ndipo chuo kimtunuku. Kabla ya hapo hakuna udaktari.

"Miaka mitatu, Mungu akipenda," akasema, akinishika shavu. "Utanivumilia?"

Nikasema hata thelathini. Hilo ni kweli.

Lile lingine sikusema. Nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumatano, 13 Agosti

Ukungu tangu asubuhi, baridi ya kukata. Nimeenda kwa kibanda cha viazi cha Mama Murugi, pale chini ya msikiti, kumwambia ukweli. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

"Mami, kama ni rangi ya keki umechelewa, tushaagiza bluu!" akanidaka kabla sijafungua mdomo.

Kisha akapunguza sauti. Msichana wake, Murugi, aliacha chuo mwaka wa pili na hataki kusikia habari za kurudi. "Nimemwambia akuje Jumamosi. Aone huyu daktari na macho yake. Wakisalimiana tu, pengine ataamka."

Nikamsaidia kupanga viazi kwenye debe. Nikasema bluu ni rangi nzuri.

Muoga! Muoga mkubwa!

Ijumaa, 15 Agosti

Sijawahi kumwona Max hivi.

Pasta wetu, Theuri, ametengeneza bango akalituma kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni picha yetu ya harusi — mimi nimekatwa, limebaki bega — na chini, "Dkt. Maxwel Oloo". Limezunguka hadi likamfikia Profesa Nekoye. Alipiga simu tukiwa mezani. Hakupaza sauti. Anayejiita daktari kabla chuo hakijamtunuku anasema uongo, na yeye hasimamii waongo. Anataka maelezo Jumatatu ofisini kwake.

Max aliweka simu chini. "Nani aliwaambia hawa watu?"

Nikasema ni Mama Murugi. Ati alielewa vibaya, ati anapenda kueneza mambo.

"Huyo mama!" Akagonga meza. Nikashtuka. Basi akanikumbatia, akaniomba msamaha kwa kunishtua. Ananiomba mimi msamaha!

Hatawazuia kuja. Ati huwezi kuwafukuza watu wanaokuja na mema. Atawaambia mwenyewe.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimejifungia chumbani. Nimesema kichwa kinauma.

Walikuja wakiimba, na shangazi yangu mmoja wa Kerugoya akiwa nao. Kabla Max hajafungua mdomo walikuwa wamemvisha shuka na shada. Akangoja wamalize, akavua shada, akalishika mkononi. Akawaambia yote. Yeye si daktari, ndiyo kwanza anaanza. Shangazi yangu akakohoa.

"Sitaki kumlaumu mtu," akasema, "lakini aliyelieneza hili amenitia shida chuoni." Na akamwangalia Mama Murugi. Wote wakamwangalia.

Yeye akaniangalia mimi. Hakukunja uso. Alikuwa ananingoja tu.

Nikatazama keki.

"Ni mimi," akasema. "Mdomo yangu haina breki. Nisamehe, mwalimu."

Wakacheka! Shangazi akasema kanisa halina haja ya spika, liko na yeye. Murugi, msichana wake, alikuwa amevaa vizuri, amesuka nywele. Akaweka sahani chini bila kula, akatoka getini. Mama yake akamwangalia akienda, akaendelea kukata keki.

Max anabisha hodi. "Mpenzi, Mama Murugi anaenda. Anataka kukuaga."

"Mwache alale, mwalimu," nasikia Mama Murugi akimwambia. "Huyo bado ni bibi arusi. Amechoka."

"Sawa, mama. Asante kwa kuja." Adabu tupu, baridi. Sauti anayowawekea watu asiowaheshimu. Sijawahi kusikia akinitolea sauti hiyo. Na kumbe ni mimi ninayeistahili.

Nasikia viatu vya Mama Murugi vikielekea mlango wa nje.

Nimeita. Nimeita kwa nguvu hadi nimejishtua — Max, mrudishe, ingieni nyote wawili.

Viatu vimesimama. Max anauliza kuna nini. Kitasa kinazunguka na mimi naweka kalamu chini, nikawafungulie, niwaambie ni mimi niliyesema.