Ujumbe wa Annastella Uliozuiliwa kwenye Seva

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dastan Rwekaza. Umri: miaka 33. Kabila: Mhaya. Dini: Mkristo. Kazi: fundi kompyuta. Makazi: Kashozi, Bukoba. Tarehe: 19/06/2025, saa 4:10 asubuhi.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Nina seva ya mchezo wa vita wa kwenye kompyuta, ambapo watu wa miji mbalimbali hucheza kwa timu za watu watano. Marehemu Annastella wa Ijumbi, mchapaji wa barua, alikuwa nahodha wa timu mojawapo. Sijawahi kuonana naye ana kwa ana, lakini tumetaniana kwa miaka mitatu.

Wachezaji huandikiana wakiwa mchezoni. Unaweza kuwaandikia wote, timu yako tu, au mtu mmoja. Ujumbe hauendi moja kwa moja kwa mwenzako. Unafika kwanza kwenye seva yangu, na seva ndiyo inayoupeleka.

Mwezi Februari wachezaji wa Mwanza na Kigoma walilalamika kwamba Wahaya waliopangwa timu pinzani wanaambiana kwa Kihaya mahali wenzao wa timu walipojificha. Ilikuwa kweli. Nikaandika orodha ya maneno ya Kihaya zaidi ya mia mbili, nikaanza na salamu, na kuiamuru seva izuie ujumbe wowote wenye maneno hayo. Nilijua Wahaya wenzangu wakiona wamezuiwa watabadilisha tahajia. Kwa hiyo nikapanga mwandishi aone ujumbe wake umekwenda kama kawaida, ila usimfikie mtu. Sikumwambia yeyote. Nilijiona mjanja sana.

Mnamo tarehe 14/06/2025, siku ya Jumamosi, saa 8:00 mchana, mechi ilianza nami nikiwa msimamizi. Saa 8:17 Annastella aliwaandikia timu yake kwa Kiswahili: "Nipo." Alicheza vibaya, alisimama tu mahali pamoja. Saa 8:30 nilimwandikia mbele ya wote: "Nahodha, leo umekuja kulala? Nitakuvua unahodha." Akajibu: "Samahani, mkuu." Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Saa 8:52 alitoka mchezoni.

Jirani yake, Bi Kokwijuka, alimkuta sakafuni siku hiyohiyo saa 12 jioni akiwa na majeraha. Alifariki Jumapili asubuhi hospitalini. Mume wake, Aroni, najua mnaye mahabusu. Yeye si Mhaya na hajui Kihaya.

Tarehe 17/06/2025 tulimzika kwao Buganguzi, wilayani Muleba, anakoishi mama yake. Mchezaji mwenzake wa timu, Rugambwa, anayeishi Muleba mjini na ana pikipiki, alipoinama kuchukua udongo, mama wa marehemu, Bi Georgina, alimshika mkono. Alisema: "Wewe usitie. Mwanangu aliwaandikia kwa Kihaya, nimeona kwenye kompyuta yake. Wewe ndiye uliyekuwa karibu, ukasoma ukanyamaza." Rugambwa aliapa kwamba hakuona chochote. Hakuna aliyemwamini. Aliondoka kaburini akilia, mtu mzima wa miaka arobaini.

Jioni hiyo nilifungua kumbukumbu za seva. Meseji zake za Kihaya kwa timu zilikuwa nne. Nimezitafsiri mimi mwenyewe.

Saa 8:21: "Aroni amenifungia ndani tangu Alhamisi na simu amechukua. Ameniruhusu kucheza ili msiulize niko wapi. Amekaa hapa pembeni. Mpigieni mama."

Saa 8:24: "Msinijibu hapa. Kiswahili anakisoma."

Saa 8:33: "Rugambwa, njoo na watu. Usije peke yako."

Saa 8:46: "Asanteni. Najua mmesoma, ndiyo maana mmenyamaza."

Kutoka kwa Rugambwa hadi Ijumbi kwa pikipiki si mbali. Kama angezipata angekwenda, namfahamu. Hakuzipata yeye wala yeyote katika timu ile. Zilizuiliwa kwangu. Nimeleta nakala za kumbukumbu hizo pamoja na orodha yangu ya maneno.

Kuna jambo jingine nalotaka liandikwe. Pale kaburini, mama aliposema "kwa Kihaya", nilielewa papo hapo kilichotokea. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa Rugambwa. Niliogopa. Sikusema neno. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikatia udongo, na Bi Georgina akanishukuru kwa kuja.

Hayo ndiyo ninayoyajua na niliyoyatenda, nimeyasema bila kulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: D. Rwekaza

Maelezo ya mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo yake naye amekubali kuwa ni sahihi. Aliuliza kama polisi wanaweza kumpelekea Bi Georgina nakala. Nilimjibu kwamba hairuhusiwi kwa sasa, na kwamba hakuna sheria inayomzuia kwenda kumwambia mwenyewe. Akaniuliza gari la Muleba linaondoka saa ngapi.

WP Koplo Joanitha, saa 5:35 asubuhi.