Herufi Zilizobaki kwenye Bango la Mama

Kamalondo, Lubumbashi

Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikiomba barua hii ikukute umeshakula na maumivu ya mikono yamepungua. Mimi ni mzima, ila situlii. Kila nikikaa nasimama, mpaka mama mdogo ananiuliza kama kiti chake kina siafu. Kwenye simu hutaki kuongea, kwa hiyo nimeandika. Mama atakushikia karatasi.

Ameniambia kwamba tangu jiwe likuponde mikono kule kwenye shimo la madini hutaki kusikia habari za rangi wala brashi, na mtu akitaja bango unageukia ukuta. Iliniuma sana, yaya. Nusu ya maduka ya hapo Kambove yana maandishi yako.

Basi sikiliza. Kule Kasapa ninakosoma nimejifunza kuhusu maneti, ile rimoti nyeupe ya michezo ya televisheni. Ina jicho linaloona mwanga ambao macho yetu hayauoni. Nimeifunga juu ya kompyuta, nikashona taa mbili ndogo za mwanga huo kwenye kofia, kisha nikaandika programu kwa Python. Ukigeuza kichwa, maneti inazifuata zile taa, na rangi inapita kwenye skrini pale kichwa kinapoelekea. Mikono inabaki magotini.

Lakini ilinitesa. Kila jioni mstari uliruka wenyewe upande wa mlango. Nilifuta programu yote, nikaandika upya, nikalia. Mama mdogo alikuwa akisonga bukari kwenye jiko la makaa pale mlangoni kwa sababu ya mvua, akanicheka: "Mashini yako iko na njala. Inaangaliaka tu mbabula yangu."

Nikageuka kulitazama lile jiko. Kumbe makaa ya mbabula nayo yanatoa mwanga ule ule, na maneti iliyaona kama taa nyingine. Tukaitoa mbabula nje, mama mdogo akasimama na mwavuli juu ya sufuria akininung'unikia. Mstari ukatulia palepale.

Sasa naogopa kitu kimoja tu, kwamba utakataa. Dereva aliyekuletea barua hii anarudi huku Jumatatu, na nimemwomba akuwekee nafasi ya mbele. Usipokuja, nitakuja mwenyewe na kompyuta mgongoni, tugombane mbele ya majirani.

Nisalimie mama, na wifi yangu Rejina anayekulisha kwa uvumilivu. Baba mkubwa mwambie ile kofia aliyonipa haitarudi kama ilivyokuwa.

Bango la mama bado linasema KWA MAMA ILU. Uliliacha hivyo ukasema utalimalizia ukirudi kutoka shimoni. Jana nilivaa kofia nikaandika N kwenye skrini. Imepinda vibaya, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Sikuifuta. Zimebaki G na A, na hizo sizigusi.

Mdogo wako asiyekaa kitako,
Kabulo